Sarafu za Pua Nyekundu

Nchi hiyo haiko mbali wala haiko jirani. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na akidhani ameiona, basi afumbe macho aendelee na shughuli zake, kwa maana wakubwa wa huko ni wepesi wa kukasirika na wana idara nzima ya kazi hiyo. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani, mvua za kutosha, na Mtukufu mmoja.

Mtukufu alipokaa madarakani mpaka watu wakasahau kama kuliwahi kuwa na mwingine, iliamuliwa sura yake itiwe kwenye sarafu. Kwingineko wakubwa huchorwa wakitazama pembeni. Kamati ya Sura ya Taifa ilikaa, ikala, ikasema hapana: kiongozi anayetazama pembeni anawakwepa watu wake. Mtukufu achorwe akitazama mbele, macho kwa macho na mwananchi, hata mwananchi akiwa ananunua dagaa. Basi sarafu ikatoka na uso mzima, mashavu, kidevu, na katikati pua iliyoinuka kuliko vyote, kwa kuwa pua ya Mtukufu, bila kuitia chumvi, ilikuwa pua ya kutosha.

Ikatangazwa kwamba sarafu hiyo ni fedha tupu, nje na ndani. Mwaka huohuo Waziri wa Hazina, Mheshimiwa Daktari Fungameza, akaweka nyumbani kwake mageti mawili ya fedha, beseni la kunawia la fedha, na kibanda cha mbwa chenye paa la fedha. Hakuna mtu aliyeunganisha mambo hayo. Watu wa nchi hiyo wamelelewa vizuri.

Baada ya kupita mkono hadi mkono kwa miaka kadhaa, sarafu zikaanza kubadilika, na mabadiliko yalianzia pale palipoinuka. Pua ilipauka, ikawa ya manjano, kisha nyekundu. Uso wote mweupe unang'aa, pua peke yake nyekundu kama ya mtu aliyekesha kilabuni. Na Mtukufu ndiye aliyepiga marufuku pombe!

Bunge likaitwa kwa dharura. Maelezo yalikuwa mawili: ama ndani ya sarafu mna shaba, ama wananchi wanaisugua pua ya Mtukufu kwa makusudi. Wabunge wakamtazama Waziri Fungameza. Waziri Fungameza akawatazama wabunge, mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayejua nani alijengewa nini na nani. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba ni wananchi.

Ndipo ikazaliwa Sheria ya Kulinda Pua. Ilikuwa fupi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Kifungu cha kwanza kilisema: atakayekutwa na sarafu yenye pua nyekundu atahesabiwa kuwa ndiye aliyeisugua, na atapelekwa machimbo ya chumvi. Kifungu cha pili kilisema: atakayekataa kupokea sarafu ya Mtukufu atahesabiwa kuwa amemkataa Mtukufu mwenyewe, na atapelekwa machimbo hayohayo. Kukaa nayo kosa, kuikataa kosa. Kilichobaki ni kuipokea na kukimbia.

*

Na watu wakakimbia kweli. Mwenye sarafu safi aliificha ndani ya godoro au ndani ya pipa la unga, mwenye pua nyekundu akaamka alfajiri kutafuta wa kumpa. Haukupita muda sarafu safi hazikuonekana tena mitaani, ila zile nyekundu tu, nazo zilizunguka kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Wadeni waliwafukuza waliowakopesha. Ungeweza kumwona mzee wa heshima akiruka ua wa jirani, na nyuma yake kijana akipiga kelele, "Mzee, simama nikulipe! Simama, mwanangu ana njaa ya kukulipa!" Mchumba alipeleka mahari mara tatu ya ile iliyotajwa, wakwe wakajifungia ndani wakisema binti hayupo, amekufa, hawajawahi kuzaa. Ukinunua kitumbua, hakuna aliyengoja chenji. Muuzaji ndiye aliyemfuata mnunuzi mbio, naye mnunuzi akawa anatupa sauti nyuma: "Baki nayo, dada, baki nayo!"

Bei zikapanda, kwa sababu kila mtu alitaka kutoa nyingi na kubaki na chache. Waziri Fungameza akasimama redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wa nchi kubwa wanatuuliza siri yetu. Kwao sarafu hulala. Kwetu sarafu haipati hata usingizi! Uchumi ni mwendo, ndugu zangu, na mwendo wetu ni wa mbio. Tunawazidi wote. Asanteni kwa uzalendo wenu."

Lakini kila mbio ina mwisho wake, na mwisho wa mbio hizo ulikuwa dirisha la Bwana Ngwali.

*

Bwana Ngwali alikuwa mpokea kodi. Zamani dirisha lake lilikuwa mahali patulivu pa kulala usingizi, maana hakuna aliyelipa kodi bila kukokotwa. Tangu sheria itoke, watu walipanga foleni kabla ya jogoo kuwika. Walilipa kodi ya mwaka huu, ya mwaka ujao, ya marehemu babu zao. Waliomba watozwe faini. Mwanamke mmoja alikiri kufuga mbuzi ambao hakuwa nao ili awalipie.

"Mama," Ngwali alimnong'oneza, "nihurumie. Mimi nitazipeleka wapi?"

"Na mimi nani atanihurumia?" mwanamke akamjibu, akamsukumia konzi ya sarafu chini ya nondo, akaondoka akijifuta vidole kwenye kanga.

Hilo ndilo swali lililomnyima Ngwali chakula. Hazina Kuu ilipokea sarafu zilizokaguliwa tu. Na mkaguzi alikuwa Meja Kipanga wa Kikosi cha Pua, ambaye akifungua gunia na kuona nyekundu hamuulizi mtu ametoa wapi. Aliyesimama karibu na gunia ndiye mwenye gunia. Wapokea kodi wote waliotangulia katika dirisha lile walikuwa sasa wanachimba chumvi, na Ngwali alipopewa kiti chao, barua ya uteuzi iliita jambo hilo kupandishwa cheo. Ukaguzi ulipangwa Ijumaa. Nyuma ya kiti chake magunia yalikuwa yamefika usawa wa dirisha.

Siku ya Jumatano alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Mkewe, Mwatumu, aliyebaki naye peke yao tangu mtoto wao Mkasi ahame, alimtazama akaweka chini mwiko.

"Baba Mkasi, sema."

"Ijumaa, Mama Mkasi. Ijumaa ndiyo siku yangu."

Mwatumu hakulia. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa na kukulia katika nyumba za kupanga, na nyumba za kupanga humfundisha mtu kulia kimyakimya ili mwenye nyumba asiseme unaharibu kuta. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akiweka akiba ya kununua kiwanja, na sarafu zake zilikuwa safi zote, alizichagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Zilijaa pipa la unga. Alikwenda akafunua kifuniko.

"Chukua hizi," alisema. "Peleka ofisini zikae juu ya magunia. Niletee nyekundu."

"Halafu ukutwe nazo wewe?"

"Nitajua pa kuzitupa."

"Mwatumu, mtu akitupa sura ya Mtukufu ni kunyongwa, si chumvi."

"Basi nitakaa nazo. Unataka nifanye nini? Nikupikie wali uende ukachimbe chumvi umeshiba?"

Ngwali aliinuka akafunika pipa. "Hiki ni kiwanja chetu," alisema. "Nikienda mimi, utakuwa na mlango wako mwenyewe wa kufunga. Pipa hili mtu asiliguse."

Alimpenda sana mkewe, na hakuwa na maneno mengine ya kusema hivyo. Alhamisi alikwenda kazini akajaribu kupaka chokaa kwenye pua za sarafu, moja baada ya nyingine, lakini chokaa ilibanduka, na Mtukufu akaonekana kama mtu anayeumwa surua. Akaacha.

*

Ijumaa Meja Kipanga alifika na msafara. Alikuwa na msaidizi wake, na msaidizi wa msaidizi, na askari wa kushika kioo cha kukuzia, na askari wa kukipangusa, na mpiga picha, na madereva. Wote walikuwa na sura za watu waliokuja kumzika mtu ambaye bado yuko hai.

"Ngwali ni wewe?"

"Ni mimi, Afande."

"Simama karibu na magunia."

Ngwali akasimama. Aliona mpiga picha akimpima kwa jicho moja, akajua kwamba picha ile ingetoka gazetini Jumatatu, na kwamba Mwatumu angeliona gazeti hilo limefungia karanga. Meja Kipanga akainama, akashika kamba ya gunia la kwanza, akaanza kulegeza fundo. Kisha mkono ukasita. Akasimama wima, akakunja uso kama mtu aliyekumbuka kwamba hajasali.

"Bwana Ngwali," alisema, "posho iko wapi?"

Hapa msomaji mgeni aelezwe jambo. Katika nchi ile hakuna mtumishi wa serikali anayeanza kazi kabla hajapokea posho ya kuianza. Si ulafi. Ni mila, na mila ni nzito kuliko sheria. Nyumba ikishika moto, wazima moto huja haraka sana, hupanga mstari, hupokea posho, halafu huuliza nyumba ilikuwa wapi. Na mila hiyo ina adabu zake: posho hutiwa katika bahasha ya kaki, bahasha hubandikwa, hugongwa muhuri wa ofisi inayotoa, na anayepokea huitia mfukoni akiwa anatazama dari. Kuifungua mbele ya aliyekupa, au hata kuipima kwa mkono, ni uchuro na ukosefu wa malezi. Mtu anaweza kumpeleka mwenzake machimboni na bado akaitwa muungwana, lakini akichungulia bahasha ya posho mbele za watu, hata mama yake atamkana.

"Posho, Afande?" Ngwali akasema. Droo ya malipo ilikuwa tupu kama ilivyokuwa tangu aajiriwe. "Posho... imo humo, Afande." Akaonyesha gunia.

"Basi toa. Tunachelewa."

Meja akageuka akatazama dari. Msafara mzima nao ukageuka ukatazama dari. Ngwali alipiga magoti, akafungua gunia yeye mwenyewe, akatia sarafu ndani ya bahasha. Pua nyekundu zilimtazama kutoka gizani. Alipobandika na kugonga muhuri wa DIRISHA LA KODI, muhuri ulikaa upande. Akanyoosha bahasha. Meja Kipanga akaipokea bila kuitazama, akaitia kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.

Ngwali akabaki amepiga magoti, na hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Damu ilimrudi usoni kwa nguvu hata masikio yakawaka.

"Na hii ni ya kuanza tu, Afande," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Bado posho ya safari."

"Naam. Bado ya safari."

"Na ya vumbi. Barabara yetu ina vumbi sana."

"Hata nilikuwa nasubiri uone aibu uitaje," alisema Meja, macho yakiwa darini.

Ngwali akajaza. Aliwapa wote ya safari, akawapa ya vumbi. Akawapa posho ya kusubiri, kwa kuwa wakati wa kujaza bahasha walikuwa wanasubiri. Kisha posho ya kusimama. Askari wa kioo akasema kwa upole kwamba zamani kulikuwa na posho ya kuinama, Ngwali akasema ingekuwa dhuluma kuisahau. Kila alipofika mwisho wa gunia, alidhani sasa watachoka, sasa mmoja atapapasa mfuko wake, sasa mmoja atainamisha shingo iliyouma. Shingo ziliuma kweli, na Ngwali akatoa posho ya shingo. Bahasha za kawaida zikaisha, akashika zile kubwa za majalada. Madereva wakaanza kupeleka mizigo kwenye magari, wakirudi wanatazama dari, wakijigonga milangoni.

Adhuhuri ilipoingia, Meja Kipanga aliteremsha macho. "Sasa kazi," alisema. Akafungua magunia, moja baada ya jingine, akayageuza, akayakung'uta. Hakuna kilichoanguka ila vumbi. Akamtazama Ngwali mpaka Ngwali akahisi meno yake yote.

"Miaka yote ya kazi yangu," hatimaye alisema, "sijaona dirisha safi namna hii. Hata sarafu moja yenye pua nyekundu haimo!"

"Tunajitahidi, Afande."

"Mpige picha huyu," Meja akasema. "Huyu ni mfanyakazi bora."

*

Inasimuliwa kwamba Meja Kipanga alifungua bahasha yake ya kwanza akiwa ndani ya gari, na kwamba gari lilisimama ghafla njiani mpaka likazibia watu barabara. Akafanya alichoweza. Kila Ijumaa ilikuwa desturi ampelekee Waziri Fungameza fungu la mkubwa, na Ijumaa ile alipeleka fungu ambalo Waziri hajapata kuliona, bahasha zote za msafara, zimebandikwa upya na mihuri yake ikiwa palepale. Waziri akazipokea akitazama dari, kwa kuwa naye alilelewa vizuri. Zilipofika chumbani kwake akafungua moja, akakaa juu ya kitanda. Naye akakumbuka kwamba kesho yake ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtukufu, na kwamba mapenzi ya mtumishi kwa bwana wake hayapimwi ila kwa uzito wa sanduku.

Jumamosi Ngwali akatumiwa gari la Ikulu. Mfanyakazi bora alitakiwa kula chakula cha mchana na Mtukufu. Mwatumu alimpigia pasi shati, akamfunga vifungo kwa mikono iliyokuwa bado haiamini.

"Rudi," alimwambia tu.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, umejaa watu waliokwishakula kabla ya kuja, kwa maana mbele ya Mtukufu hakuna mtu anayeweza kutafuna. Ngwali aliwekwa kiti cha mbele. Mtukufu alikuwa mzee kuliko sarafu yake, mdogo wa mwili, pua ikiwa imebaki kubwa wakati vingine vyote vimepungua. Waziri Fungameza akasimama, akasema maneno marefu juu ya mwendo, na askari wakaleta sanduku. Mtukufu hakulelewa vizuri, kwani hakuna aliyethubutu kumlea. Alilifungua papo hapo, akachukua bahasha ya juu, akaichana mbele ya watu.

Ngwali aliuona muhuri uliokaa upande. Alitamani ardhi ipasuke.

Sarafu zilimwagika kwenye kiganja cha Mtukufu na kwenye meza. Kila moja ilimtazama Mtukufu macho kwa macho, kama Kamati ilivyotaka, kwa pua nyekundu. Mtukufu hakuwa amegusa sarafu miaka mingi. Aliziangalia kwa muda mrefu. Kijiko cha mtu kilianguka mahali fulani, na hakuna aliyethubutu kukiokota.

Kila mtu ukumbini alikuwa anaikumbuka sheria kwa moyo. Atakayekutwa nayo ndiye aliyeisugua. Meja Kipanga, mlangoni, alikuwa ametoa jasho mpaka kola ikalowa. Alijua kazi yake, na alijua ni nani aliyekutwa.

"Dirisha la Kodi," Mtukufu akasoma kwenye bahasha. Sauti ilikuwa ndogo na kavu. "Ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka. Ngwali akasimama, akashikilia meza.

"Ni mimi, Mtukufu."

"Sogea." Ngwali akasogea. Mtukufu akainua sarafu moja kati ya vidole viwili, akaiweka karibu na uso wake, pua kwa pua. "Wewe unazishika kila siku. Nijibu. Pua yangu ina rangi gani?"

Akisema nyeusi, kama watu wote walivyoiona, basi sarafu zile ni uongo, na mwenye kuzishika ni mhalifu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mtukufu hivyo akala chakula cha jioni. Akisema nyekundu, amemwita mlevi. Alimwona Waziri Fungameza akimkodolea macho kutoka nyuma ya kiti, akamwona mpiga picha akiinua kamera. Akamwona moyoni Mwatumu akimfunga kifungo cha mwisho.

"Nyekundu, Mtukufu," Ngwali akasema.

Mtu mmoja akakohoa kwa woga.

"Nyekundu tangu zamani," Ngwali akaendelea, na maneno yakatoka yenyewe kama maji kwenye bomba lililopasuka. "Ni jua, Mtukufu. Jua likichomoza, mtu wa kwanza linayemtafuta ni wewe, na mahali pa kwanza linapokugusa ni hapo. Wengine hatuioni kwa kuwa macho yetu ni madogo. Sarafu zinaona. Sarafu zimekuwa zikisema kweli. Zile nyeupe ndizo zinazokuficha."

Mtukufu alimtazama, akaitazama sarafu, akapapasa pua yake taratibu.

"Nimekuwa nikihisi joto," alisema.

Makofi yalilipuka. Watu walipiga makofi kama watu waliofunguliwa minyororo, na baadhi walikuwa wanalia. Meja Kipanga alikuwa wa kwanza kupiga kelele, "Pua nyekundu oyee!" Ngwali alipigwa mgongo, akakumbatiwa, akaambiwa amekuwa Naibu Waziri. Alitaka kukaa chini. Alikuwa hai, na kwa muda mfupi hakuwa na haja ya kitu kingine duniani.

Waziri Fungameza tayari alikuwa ameshika kipaza sauti. Mtu aliyeokoka huwa na kasi.

"Kwa amri ya Mtukufu," alitangaza, na redio zote za nchi zikatangaza naye, "imethibitika leo kwamba pua ya Mtukufu ni nyekundu na imekuwa hivyo daima. Sarafu zenye pua nyeupe ni za kughushi. Zimefichwa majumbani na maadui, ndani ya magodoro na mapipa, kwa nia ya kuficha nuru ya Mtukufu. Atakayekutwa na sarafu ya pua nyeupe baada ya jua la leo kuzama, yeye na wa nyumbani mwake wote, ni machimbo ya chumvi. Kikosi cha Pua kitapita nyumba kwa nyumba."

Mikono ya Ngwali ikasimama katikati ya kupiga makofi.

*

Hakungoja gari. Alikimbia na shati lake la pasi, jua likiwa limekwisha kuinamia magharibi, na barabara zilikuwa tupu. Hapakuwa na foleni, wala wa kumlipa mwenzake, wala wa kumkimbia. Alidhani watu wamejificha. Alipoingia mtaani kwao ndipo alipoisikia sauti, ndogo na kavu, ikitoka kila kibaraza na kila ua, kama watu wote wanatwanga kitu bila mchi. Hakuitambua.

Kwenye vibaraza watu walikuwa wamekaa chini, mama, baba, bibi, wameinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na sarafu mkononi na mchanga wenye maji mbele yake. Walikuwa wanaisugua pua ya Mtukufu. Miaka yote walikuwa wakishtakiwa kwa kazi hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifanya. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Mwatumu alikuwa mlangoni na pipa lake. Unga ulikuwa umemwagwa kando, haukuwa na kazi tena. Alikuwa na rundo dogo la zilizokwisha na rundo kubwa la zilizobaki, na vidole vyake vilikuwa vimejaa mchanga. Alimwona mumewe, akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Redioni wamesema kuna mtu mmoja mwerevu sana alimweleza Mtukufu habari za jua." Hakumtazama. "Mungu amlaani mama aliyemzaa."

Kutoka mwisho wa mtaa ulisikika mngurumo wa magari, bado uko mbali. Alikaa chini kando ya mkewe, akachota mchanga, akachukua sarafu kutoka pipani, safi, inang'aa, mojawapo ya zile alizozichagua Mwatumu kwenye mwanga wa dirisha tangu walipokuwa vijana. Alikaza kidole tayari kwa kazi ngumu. Akasugua mara moja, nyeupe ikatoka kama ukungu kwenye kioo. Chini ilikuwa nyekundu. Akasugua shavu, nalo jekundu. Akasugua paji la uso, kidevu, masikio. Ilikuwa nyekundu yote.

Mwatumu alikuwa amesimamisha mkono anamtazama.

"Zote ziko hivyo," alisema polepole. "Nilidhani nitasugua mpaka usiku. Hazihitaji hata nguvu. Baba Mkasi, miaka yote hii tulikuwa tunaweka nini humu?"

Magari yalikuwa yanakaribia. Ngwali aliitia ile sarafu kwenye rundo la zilizokwisha, akachukua nyingine.

"Sugua, mke wangu," alisema. "Sugua, wanakuja."